Pimamaji Alitaka Niseme Sawa

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na hasira zangu, niliota nimepewa kazi ya kuwalinganisha Waindonesia na Wahopi, wale wenyeji wa asili wa Marekani. Sijui nani alichagua hao na hao. Ndoto haikuwa na adabu ya kunieleza. Ila sifa zote za kazi nilikuwa nazo: nimechoka, nasoma ramani, na kukataa sijui.

Hasira zenyewe zilitoka kwa kaka yangu Kibwana. Alinipigia simu baada ya isha kunijulisha kwamba kesho yake ukoo unakaa Kinole, kwa mama. Mpima ardhi anataka jina la mkuu wa kaya, na Kibwana ameamua jina hilo liwe lake. Kuna tajiri anataka kutia kwenye chupa maji ya chemchemi iliyo chini ya shamba la mama, na tajiri hapendi kuzungumza na vikongwe. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama. Kaka ni mjomba wa wanangu, na kazi ya mjomba ni kuilinda ardhi hiyo, si kujimilikisha. Haya yote nayajua tangu nanyonya, na nilichomjibu ni "Sawa, kaka."

Nikalala. Nikajikuta kwenye korido ya shule, ya sakafu nyekundu iliyopigwa nta. Mwisho mmoja wa korido mvua inanyesha juu ya mashamba ya mpunga. Mwisho wa pili kuna mchanga mkavu na mlima uliokatwa kichwa ukabaki bapa. Katikati, kwenye kiti cha mwalimu mkuu, amejilaza Pimamaji.

Aliyewahi kujenga anamjua: kile kifaa cha mafundi chenye kichupa cha maji na kiputo ndani yake, fundi anakilaza juu ya tofali kuona kama limekaa sawa. Huyu alikuwa wa njano na alikuwa amevaa tai. Nikamwamkia, kwa kuwa kinachokalia kiti cha mwalimu mkuu huamkiwa.

"Marahaba," akaitika. "Unajua maana ya kulinganisha?"

Nikasema ni kutazama vitu viwili ukaeleza vinafanana wapi na vinaachana wapi.

"Hiyo ya darasani. Kulinganisha ni kufanya vilingane. Kilichozidi kinakatwa." Akanikabidhi msumeno.

Tunaanza na ubao mrefu uliolazwa juu ya gogo kama mizani. Waindonesia wote wameketi upande mmoja, mamia ya mamilioni, wamevikunja visiwa vyao mapajani kama mikeka. Upande wa pili wamo Wahopi, watu wa kujaza uwanja mmoja wa mpira, na ubao umewarusha juu mawinguni. Wanaushikilia kwa utulivu. Pimamaji anawaamuru Waindonesia wavute pumzi ili wawe wepesi. Mzee mmoja wa Java anauliza kwa upole kama na waliokwenda kufanya kazi ng'ambo nao wavute, au hao wanahesabiwa huko waliko. Wanavuta pumzi wote, ubao hautikisiki.

Pimamaji akasema basi, kila upande ulete nyumba moja, tutalinganisha nyumba.

Kutoka kwenye mvua akaja Bundo Yusnidar, Mminangkabau wa Sumatra. Bundo ndivyo kwao wanavyomwita mama mwenye nyumba. Nyumba yake aliibeba begani, ya mbao, yenye paa lililopinda juu pande zote mbili kama pembe za nyati. Kutoka kwenye mchanga akaja Bibi Lenora, Mhopi wa Arizona, kanga hajawahi kuiona maishani, lakini alikuwa amejitanda. Ya kwake ilikuwa ya mawe, paa bapa, naye aliibeba pamoja na mlima wake. Wote wawili walizungumza Kiswahili cha Kinole, kile cha kuvuta maneno kama mtu anayepanda kilima, na mimi nikaona ndivyo inavyopaswa.

Wakaketi chini kwenye nta wakaanza kuulizana habari. Bibi Lenora akatoa mkate wa mahindi ya samawati, mwembamba hata unasikika ukivunjika, akamega. Mahindi hayo anayapanda kwenye mchanga, shimo refu la mti wa kuchimbia, bila mfereji wala pampu, na yanaota. Bundo akaeleza mpunga wake na majirani wanaokuja kuvuna pamoja. Wakafika kwenye waume. Kumbe kwa wote wawili nyumba ni ya mwanamke, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume akioa anakuja na nguo zake. Bundo akasema kwao mume ni kama majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma hayupo, ila wanampikia vizuri. Bibi Lenora akasema wa kwake akimchosha sana atamwekea vitu vyake nje ya mlango, na hapo maneno yamekwisha. Wakacheka mpaka nyumba zikatikisika mabegani mwao.

Nikawaza kazi imekwisha, wenyewe wamejilinganisha. Nikataka kurudisha msumeno.

"Hizo porojo," akasema Pimamaji. "Nilazeni juu ya paa."

Nikamlaza juu ya paa la Bundo. Akateleza kwenye pembe, akaanguka, akainuka akiwa amekasirika na tai imempinda. Akaamuru pembe zikatwe. Nikamlaza juu ya paa la Bibi Lenora, na kiputo kikatulia katikati kabisa. Akafurahi, kisha akachungulia chini.

"Nyumba iko vizuri. Mlima ndio umezidi. Ukate."

Nikasema mlima haukatwi kwa msumeno wa mbao. Akaniambia hiyo ni changamoto yangu, na nisimletee. Neno hilo nalichukia hata nikiwa macho.

Kisha akasema jina lake si pambo, anaitwa Pimamaji, na sasa anapima maji. Akainama kwenye shamba la Bundo, akaweka mdomo, akanywa. Mpunga ukalala. Akaenda kwenye chemchemi ya Bibi Lenora, ile wanayoiombea na kuisafisha kizazi baada ya kizazi, akanywa mpaka tope likapasuka. Kichupa chake kikavimba. Akapangusa mdomo kwa tai.

"Huyu hana maji na huyu hana maji," akasema. "Mnaona sasa walivyolingana?"

Bibi Lenora hakupandisha sauti. "Kabla yako ilikuja kampuni, ikanywa maji yetu ili isukume makaa ya mawe ndani ya bomba," akamwambia. "Wewe kiu yako ya nini?"

Bundo akasema kwao hawakutumia nguvu. Ardhi ya ukoo haiuzwi, kila mtu anajua, hata mbwa. Basi mjomba akaitwa chai na wenye kampuni. Akarudi na kofia mpya, na msimu uliofuata pale palipokuwa na mpunga pakawa na michikichi, safu kwa safu, na mlinzi getini anayewauliza akina mama wanamtafuta nani. Alipotaja mjomba nikahisi uso unaniwaka. Nikajifanya naukagua msumeno.

Pimamaji akapiga kengele ya shule. Likaingia lori koridoni, likashusha maboksi. Akaeleza kwamba nyumba hizi zina kasoro moja kubwa, hazina vichwa. Kila nyumba duniani ina kichwa chake, na pato lenyewe linahesabiwa kwa kila kichwa. Sasa atalipima vipi? Ndani ya maboksi kulikuwa na vichwa vya plasta, vya kiume, vyenye masharubu, vimefungwa kwa majani makavu kama mayai. Cha kwanza kikapachikwa juu ya paa la Bundo, kikafumbua macho, kikaomba chai. Cha pili kikapachikwa kwa Bibi Lenora, kikauliza kwa nini chakula kimechelewa. Havikuwa na mikono wala miguu. Vilikuwa na maoni.

Boksi la tatu liliandikwa Kinole.

Nikageuka. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, nyumba yake ya bati kichwani juu ya kata, na chini ya miguu yake chemchemi yetu inatoka kwenye ufa wa sakafu, pale pale penye nta. Kichwa kilichotoka kwenye boksi kilikuwa cha Kibwana, na wala hakikuwa cha plasta. Kikaruka chenyewe juu ya bati, kikajiweka vizuri.

"Mimi ndiye mkuu wa kaya," kikasema. "Mama apumzike."

Nikamtazama mama. Miaka yote huyo mama ndiye aliyelima, ndiye aliyetusomesha, ndiye aliyemnunulia huyo mwenye kichwa viatu vyake vya kwanza, leo aambiwe apumzike kama jembe lililokatika mpini. Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Sijawahi kuwa na hasira namna ile, macho wala usingizini.

"Limebaki neno moja," Pimamaji akaniambia. "Wewe ndiye mlinganishaji. Sema sawa. Ukilisema, mapaa yanakatwa, maji yanabaki tumboni mwangu na vichwa vinakaa hapo daima. Bila neno hilo kazi haikamiliki."

Nikafumba mdomo.

"Mbona alishasema," kikadakia kichwa cha Kibwana. "Jana, kwenye simu. Sawa, kaka. Nilimsikia kwa masikio haya."

Waindonesia wote wakanitazama kutoka kwenye ubao, na Wahopi nao kutoka mawinguni. Mama hakunitazama, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anaitazama chemchemi, kwa sababu Pimamaji alishainama na mdomo wake umeshagusa maji.

Nikasema nilikuwa nimechoka. Nikasema naliondoa neno langu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akajibu, mdomo ukiwa majini.

"Haya hayakumwagika," akasema Bundo Yusnidar. "Umeyanywa."

Bibi Lenora akapanda juu ya bati taratibu, mkono mmoja kiunoni kwa sababu ya mgongo. Akakishika kichwa cha Kibwana kwa masikio, akashuka nacho, akakiweka nje ya mlango. Korido haikuwa na mlango, lakini kichwa kilikuwa nje, na kila mtu aliliona hilo. Kikaendelea kueleza kwamba yeye ni mtu wa ukoo na ana nia njema. Kisha Bibi Lenora akapanda kukitoa na cha kwake, na Bundo akakitoa cha kwake pamoja na kikombe.

"Si sawa," nikasema.

Pimamaji akaacha kunywa. Kiputo chake kikasogea pembeni.

"Sikukusikia."

"Si sawa, nakwambia. Kumchukulia mama shamba si sawa. Kumkata huyu paa na yule mlima, si sawa. Na wewe mwenyewe umelala upande."

Pimamaji hana silaha dhidi ya maneno hayo, ndivyo alivyoumbwa. Akiambiwa si sawa ni lazima aamini. Kiputo kikakimbia mpaka mwisho wa kichupa, kikagonga kioo. Nikarudia, na safari hii nilikuwa napiga kelele, mimi mwalimu ambaye mkuu wangu wa shule ananisifu kwa utaratibu. Kioo kikapasuka. Maji ya Bundo yakatoka kwanza, ya uvuguvugu. Yakafuata ya Bibi Lenora, baridi, machache, na chemchemi yake ikayapokea yote bila kuacha tone. Pimamaji akabaki ubao wa njano wenye tai. Fundi mmoja akapita, akamwokota akamtia mfukoni.

Bibi Lenora akachimba sakafu kwa kidole, akatoa mzizi, akauponda kwenye beseni la mama mpaka povu likafura.

"Kwetu mtu akipewa jina anaoshwa kichwa kwa hili," akasema. "Inama."

Nikamwambia jina ninalo, naitwa Chiku.

"Jina tutakuachia. Tunakuosha lile neno."

Bundo anamimina maji. Mama anasugua, kwa kiganja kile kile kigumu cha zamani, bila huruma, povu linaniingia masikioni, nami nalia kwa hasira na wala sioni haya. Sakafu ya nta inakuwa udongo mwekundu wa Kinole. Nikitaka kuinua kichwa mama anakirudisha chini.

Nikaamka. Kumepambazuka. Shingo ilikuwa ya baridi, na mto ulikuwa umelowa, nikadhani ni machozi. Nikapeleka mkono kichwani. Nywele zilikuwa zimeroa chepechepe, na nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na povu jeupe, linanuka mzizi uliotoka kuchimbwa sasa hivi. Mtaa wetu hapa Morogoro una juma zima mabomba yanakohoa upepo tu. Ndani kwangu hakukuwa na maji hata ya kunywa.

Simu ikaita. Kibwana, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai. Akaniuliza kama nimeshatoka, akanikumbusha kwamba kwenye kikao sina haja ya kusema mengi.

"Nakuja, kaka," nikamwambia. "Na jina litakaloandikwa ni la mama. Ukitaja lako nitasimama mbele ya mpima ardhi, mbele ya huyo tajiri wako na ukoo mzima, niseme ulivyoniagiza ninyamaze."

Nilimsikia akivuta pumzi, akitafuta pa kuanzia.

"Chiku, una nini? Na hayo maji ninayoyasikia yanatiririka, unaoga?"

"Nimeoshwa," nikasema, nikakata simu.