Simba Asiyetaka Kukenua

Ngozi ya simba ilianza kukoroma fundi alipokuwa akiikwangua mafuta ya shingoni. Alikuwa ameilaza juu ya gogo, manyoya chini, na karai la chumvi liko pembeni. Alisikiliza kidogo, akaendelea na kazi. Kila ngozi ina vituko vyake. Kuna ya swala iliyowahi kumpigia chafya wiki nzima.

Kilichomkosesha raha ni tundu. Lilikuwa nyuma ya sikio, dogo, na manyoya yaliyolizunguka yameungua kwa baruti, kana kwamba aliyepiga risasi alikuwa amepiga magoti pale pale. Mwenye ngozi, Mzee Bunduki, alishawatangazia watu wote mtaani kwamba simba alimrukia uso kwa uso. Tena Mzee Bunduki hakuwa mteja tu. Alikuwa baba wa mchumba wake fundi, na alishasema wazi kuwa posa ataipokea siku simba atakaposimama sebuleni kwake.

"Awe amekenua," alisisitiza. "Mgeni akifungua mlango, magoti yamwishe nguvu."

Basi fundi alilishona tundu kwa ndani, akalichania manyoya juu yake, lisionekane hata kwa tochi. Akaivalisha ngozi kwenye umbo la simba anayeruka, akapachika macho ya kioo, akaivuta midomo nyuma na kuibana kwa pini mpaka ikauke.

Asubuhi alikuta pini zimewekwa mezani vizuri, na simba amejilaza sakafuni, kidevu juu ya miguu ya mbele. Akamsimamisha. Simba akalala tena. Mchumba wake alipoleta chai aliuruka mkia, akaweka kikombe bila kukigonga.

"Ongea taratibu, ndiyo kwanza kapitiwa na usingizi."

"Baba yako ataniua mimi."

"Baba akuue? Labda akukute umesinzia."

Siku ya posa simba alipelekwa hivyo hivyo, amelala. Mzee Bunduki alimtazama, akakohoa, akaagiza redio izimwe. Wageni walivua viatu mlangoni wakaingia kwa kunyata. Mzee akasimulia yote, ngurumo, vumbi, ule mruko wenyewe, kwa kunong'ona, asije akamwamsha. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mjomba mmoja mbishi akanong'ona, "Na risasi ilimpata wapi, shemeji?"

"Muulize fundi. Ndiye aliyeishika ngozi."

Wote wakamgeukia fundi. Yeye alimtazama mchumba wake, na mchumba wake alikuwa akitazama zulia. Alimpenda mno binti yule. Aibu nayo ilimpanda mpaka masikioni.

"Kifuani," alisema.

Mkoromo ukakatika. Simba akafumbua jicho moja la kioo, akamwangalia fundi kwa muda, wala hakumjali mzee. Kisha akajigeuza taratibu, akalilaza sikio mbele na kuiacha shingo yake wazi, pale pale penye mshono, kila mtu apaone.

Wageni wakasogea, wakainama, wakapachunguza. Fundi alikuwa ameshona vizuri mno.

Posa ikapokelewa, watu wakapiga makofi kwa ncha za vidole, na simba akaendelea kukoroma.