Kopo Nililochomelea Mfuniko

Gari la dada yangu lilitema sili ya nyuma ya krenki, ule mpira wa mviringo unaozuia oili isivuje, mara mbili ndani ya siku tisa, na mara zote mbili nilimwambia sili ilikuwa feki. Haikuwa feki.

Ni gari dogo la mizigo, la dizeli, lenye tabo ya kushindilia hewa kwenye injini. Kila Jumanne na Ijumaa dada huchukua vifaranga wa siku moja kwenye kituo cha kutotolea na kuwapelekea wafugaji. Kifaranga wa siku moja hangoji mtu. Muache ndani ya boksi juani kwa saa mbili, umeshampoteza. Jumanne ile oili iliyovuja nyuma ya injini ililowesha klachi, klachi ikateleza, gari likagoma katikati ya mlima. Nilipofika na kamba ya kuvutia, vifaranga mia tatu na arobaini walikuwa wamekufa. Mwenye kituo hakupiga kelele. Alimwambia dada, "Ijumaa ukichelewa, kazi nampa mwingine." Dada hana kazi nyingine.

Jumatano asubuhi nilikwenda kununua sili ya tatu. Mwanamke anayeuza spea karibu na karakana yangu tunamwita Mama Boliti, na mdomo wake hauna breki.

"Sili tena?"

"Sili."

"Ya gari lile lile?"

"Lile lile."

"Fundi, unazifunga au unazila?"

Wateja wawili wakacheka. Nikamwambia zile mbili za mwanzo zilikuwa feki. Akavua miwani akaiweka kwenye kaunta.

"Zote zimetoka boksi moja. Nimeuza kumi na nne, zilizorudi ni zako tu. Kabla hujaniharibia jina, kajiulize injini yako inapumulia wapi."

"Mama, injini ni kazi yangu."

"Na sili ni zangu. Usizitukane."

Nilitoka pale nimevimba kama andazi. Nilikasirika kwa sababu swali lake nilikuwa na jibu lake, na jibu sikulipenda.

Niliacha shule darasa la sita, lakini hili nalijua tangu nina miaka kumi na saba: hakuna pistoni inayoziba kabisa. Gesi kidogo hupenya kando yake na kushuka chini kwenye oili, na injini yenye tabo, kwa vile inashindiliwa hewa, hupenyeza zaidi. Gesi hiyo lazima itoke. Kuna mpira juu ya injini unaoitoa na kuirudisha kwenye njia ya hewa ikaungue. Ubaya ni kwamba inabeba ukungu wa oili, na oili hiyo inakwenda kulowesha tabo na mabomba yake yote. Ndiyo maana mafundi huweka kopo katikati ya mpira ule: gesi ipite, oili ibaki.

Kopo la dada nilitengeneza mwenyewe. La kwanza lilipitisha oili kidogo, na mimi sipendi kidogo. La pili nikalijaza waya wa kusugulia sufuria, nikaushindilia kwa mpini wa bisibisi mpaka ukakataa. Halafu nikachomelea mfuniko. Sikuchomelea kwa sababu ya kazi. Nilichomelea ili fundi wa jirani asifungue akaiga. Nikamwambia dada kopo lile halihitaji kuguswa, na nikawauzia watu wengine wanne makopo kama lile.

Dada alikuwa karakanani nilipofika, amekaa juu ya tairi na mikono imekunjwa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, na hajawahi kuniruhusu nisahau. Nilijaza oili iliyopungua, nikafungua kifuniko cha kujazia, nikavisha glavu ya mpira kwenye mdomo wake na kuifunga kwa uzi. Nikamwambia awashe.

Sili ilikuwa imetoka upande mmoja na kuvujisha presha, lakini hata hivyo glavu ilianza kunyanyuka. Kidole gumba kwanza, halafu vingine. Baada ya nusu dakika ilikuwa imesimama wima juu ya injini kama askari wa barabarani.

"Inamsimamisha nani?" dada akauliza.

Niliinama. Nikachomoa mpira kwenye kopo langu. Glavu ikaanguka. Nikaurudisha, ikanyanyuka tena. Nikazima injini, nikafungua kopo kutoka kwenye gari, nikaweka mdomo na kupuliza mpaka masikio yakauma. Halikupita hata pumzi ya panya.

"Dada, sili hazikuwa feki."

"Bali?"

"Kopo langu limeziba. Injini inakosa pa kupumulia, presha inatafuta palipo dhaifu, inasukuma sili nje."

Alilitazama kopo mkononi mwangu. Kisha akasema, "Kopo lile uliloniambia lisiguswe hata na malaika?"

"Hilo hilo."

"Kwa hiyo vifaranga wangu wameuawa na kopo."

"Na mimi."

Aliniangalia kwa muda ambao sikuupenda. "Nitakugombeza wiki ijayo, nina mengi. Sasa hivi nataka gari. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi niwe kwenye geti la kituo. Jikaze kisabuni."

Nilikata kopo kwa grenda. Ndani, waya haukuonekana. Asubuhi za baridi mvuke wa maji ulikuwa umechanganyika na oili na kuwa uji mweupe, mzito, umejaa kila tundu. Dada aliuchota kwa kidole akaunusa. Akajifuta kwenye ovaroli yangu.

Tulianza kushusha giaboksi saa tano. Wasaidizi niliokuwa nao niliwapa likizo ya lazima. Kosa langu sikutaka likae mikononi mwa mtu mwingine. Lakini giaboksi halijali fahari ya mtu. Lilikwama kwenye shafti, na dada akaingia chini ya gari upande wa pili bila kuombwa.

"Sukuma, dada."

"Nakusukuma tangu unatambaa. Sema upande gani."

Klachi pleti ilikuwa imekunywa oili, haifai. Nikaweka mpya. Nikaosha kikalio cha sili kwa petroli, nikaifunga sili ya tatu polepole, nikaigonga kwa kipande cha mbao kuzunguka, mpaka ikalala sawa. Alhamisi mchana giaboksi lilikuwa limerudi mahali pake.

Kisha kopo. Nilichukua kipande cha bomba pana la chuma. Ndani nikaweka vibati vitatu vya kukinga, kila kimoja kimeacha mwanya upande wake, gesi ipite ikijigonga na oili idondoke. Waya hata mmoja sikuweka. Chini nikaweka koki ya kumwagia. Juu, mfuniko wa kufungua kwa mkono. Mipira nikachukua yenye upana ule ule wa injini, sikupunguza hata kidogo.

Tulivisha glavu tena. Injini ilinguruma, glavu ikalala, vidole vimenyonywa ndani kidogo. Dada aliendesha akiwa amepakia mifuko kumi ya mchanga, tukapanda mlima ule ule mara nne. Tuliporudi nililala chini na tochi. Sili ilikuwa kavu. Kwenye koki ilitoka oili kama vijiko viwili vya chai.

"Kila Jumamosi unamwaga," nikamwambia. "Ukisahau, lawama yako."

"Na wale wanne?"

"Wale wanne nini?"

"Usijifanye hujui. Uliowauzia. Wanaendesha bomu lako."

Nilitaka kusema nitawatafuta wiki ijayo. Nilitoa simu nikawapigia mbele yake, mmoja baada ya mwingine, nikasema maneno yale yale: nimekosea, lete gari, nalibadilisha bure. Wawili walishukuru. Mmoja alinitukana mpaka simu ikakatika. Wa nne alisikiliza kimya, akauliza tu, "Uliyajua haya ulipokuwa unachukua hela yangu?" Nikamwambia ninavyojua pistoni, ningepaswa kujua.

Ijumaa dada alifika getini dakika kumi kabla ya saa. Alibeba maboksi yote, akapanda mlima, na hakuna kifaranga aliyekufa. Mwenye kituo alimpokea, lakini safari za Jumanne alikuwa ameshampa mtu mwingine tangu Jumatano, na hakubadili uamuzi.

Hesabu yake ni hii. Sili tatu. Oili lita ishirini na moja. Klachi pleti moja. Makopo matano yaliyokatwa kwa grenda na matano mapya. Siku sita za kazi bila mteja mwingine. Wateja wawili waliobadilishiwa makopo kisha wakahamia kwa fundi wa jirani. Na Jumanne ya dada, kila wiki, ambayo mpaka leo haijarudi.