Mgongo wa Picha

Mshonaji mstaafu alikuwa na tabia iliyowachekesha wauza vitu vya kale: hakutazama picha kabla ya kuigeuza mgongo. Uso hujipodoa, alisema, lakini mgongo haujui kudanganya. Siku hiyo dukani akageuza picha ya rangi za mafuta, akakuta kiraka cha kitambaa cha pazia alichokishona kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa picha yake. Asubuhi aliiacha ukutani sebuleni, juu ya vinyago vya mbao na sanamu za udongo.

"Mzee wako ndiye aliyeileta," muuzaji akakiri.

Mume huyo huyo aliyelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba nyumba imegeuka ghala. Mshonaji akainunua tena, akarudi nyumbani mbiombio, maneno yamemjaa mdomoni.

Akamkuta mumewe kasimama juu ya kiti, anatundika sinia kuukuu la shaba lenye nakshi za ndege, kwenye msumari ule ule wa picha.

"Nimebadilishana," mumewe akasema kwa haya. "Hili lilinikonyeza."

Mshonaji akamnyang'anya sinia, akaligeuza, akalichunguza mgongo kwa muda mrefu.

"Umepatia," akasema. "Lete msumari mwingine."