Wasemaji wa Mstari Mwekundu

Jumatatu saa mbili unusu asubuhi, fundi wa kompyuta alifika katika ofisi ya kamusi, akaomba soketi isiyolegea, akapewa kiti kwenye meza ya karani wa maneno. Kazi aliyoitiwa ilikuwa ndogo. Kamusi nzima ilikuwa kwenye faili za XML, moja kwa kila herufi, na kila neno limefungiwa ndani ya lebo zake: maana hapa, mfano pale. Fundi alitakiwa kuiunganisha programu ya kuandikia na faili ya kanuni, ili popote palipopungua kitu, programu ipige mstari mwekundu.

Aliyeagiza hayo ni mhariri mkuu mwenyewe, maana katika toleo lililopita neno “kitanda” lilichapishwa bila maana, na wasomaji wakamwandikia barua za kejeli. Kanuni ziliandikwa na karani. Mhariri mkuu alizitia sahihi bila kuzisoma, kwa kuwa alikuwa mtu wa shughuli nyingi. Kanuni ya nne ilisema kwamba kila neno lazima liwe na maana, mfano na jina la msemaji, yaani mtu ambaye neno lilitoka kinywani mwake likaandikwa.

Karani alikuwa na sababu. Maneno mia tatu na moja ya ushonaji yalitoka kwa shangazi yake, fundi cherehani, aliyeyataja moja moja huku amebana pini midomoni. Matoleo matano yalishatoka, na yote yalitangaza ukurasa wa kwanza kwamba maneno yamekusanywa na mhariri mkuu. Mzee huyo alipenda kusema chanda chema huvikwa pete, na pete zote alizivaa yeye. Shangazi alifariki akisubiri kuliona jina lake, hata kwa herufi ndogo. Jambo hilo lilimuuma sana karani, na hakulificha.

Fundi akabonyeza kitufe cha kuhakiki. Faili zikawa nyekundu juu hadi chini.

“Makosa elfu sita mia mbili na nane,” alisema. “Lakini usihofu, dada, ni kosa moja tu linajirudia. Msemaji hayupo.”

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa fundi viatu, akasema ameitwa kuhusu mstari wa arobaini na tatu. Karani akamwuliza jina, akaliandika, mstari mwekundu ukafutika, na fundi viatu akashukuru akaenda zake. Nyuma yake alikuwepo mkunga, kisha mwashi, kisha ndugu wawili wafuga nyuki wanaogombania neno moja. Ilipofika saa nne, foleni ilikuwa imeshuka ngazi hadi kwa mlinzi. Mlinzi hakuwa na neno, ila alitaka kila mtu asaini daftari la wageni. Waliokufa walisaini kama wengine, ingawa wino haukushika. Mlinzi aliona kalamu ndiyo mbovu, akaagiza nyingine.

Shangazi alikuja saa tano, futi ya kupimia ikining’inia shingoni. Karani alimwamkia, akataka kumpeleka mbele.

“Usinivushe foleni, mwanangu,” alisema. “Watasema tunabebana.”

Akasimama nyuma ya mwashi mwingine, akaanza kumkagua pindo la suruali. Alimweleza kwa upole kwamba aliyelishona alikuwa na haraka.

Mhariri mkuu aliingia saa sita. Alipenya katikati ya watu akiomba radhi kushoto na kulia, kisha akalalamika kwamba viti vya ofisi vimekwisha. Faili zilitakiwa kwa mchapaji saa kumi, na karani alikuwa ameandika majina mia moja na kumi na tisa tu. Mhariri mkuu akauliza kama hakuna njia ya mkato.

Fundi alikuna kichwa. Njia ilikuwepo, alisema bila kumtazama karani. Kwenye kanuni ya nne, “lazima” ikifanywa “hiari”, mistari yote itafutika kwa mkupuo.

Karani akaomba siku tatu tu, maana wenyewe hawa hapa, ni kuwauliza majina. Akajibiwa kwamba mchapaji hasubiri. Zaidi ya hapo, yale majina mia moja na kumi na tisa nayo yaondolewe, isije ikaonekana ofisi ina upendeleo.

Fundi akabadilisha. Wekundu wote ukatoka, na chini ya skrini pakatokea maneno: Faili ni sahihi. Makosa: 0.

Foleni ikatawanyika bila ubishi, mmoja mmoja akiokota mkoba wake. Shangazi alikuwa amebakiza watu wawili.

“Kwani nilikosea nini?” aliuliza.

“Hukukosea kitu, shangazi. Mashine inasema hakuna kosa.”

“Basi ni vizuri,” alisema shangazi, akaikunja futi yake akashuka ngazi.

Kamusi ilitoka mwezi uliofuata, ikasifiwa kwa usahihi wake. Ofisi ilinunua mabenchi mawili, kwa sababu kila Jumatatu karani anapofungua faili, wasemaji hurudi, wachache wachache, wakakaa. Mhariri mkuu huwasalimia vizuri tu. Shangazi hukaa benchi la mbele. Huuliza kama zamu yake imefika, na karani, ambaye hakuwahi kumdanganya alipokuwa hai, humwambia bado kidogo.