Pensheni Iliyogeuka Chumvi

Mzee Abedi, mwana wa Kiza, mjukuu wa Mrisho wa Ujiji, alitoka katika ukoo ulioaminiwa mali za watu bila shahidi. Alipostaafu kazi ya reli ya Kigoma alihamia Lubunga, ng'ambo ya mto mjini Kisangani, kwao mkewe Georgette. Pensheni ilimfikia kila baada ya miezi mitatu, nao hawakuwa na riziki nyingine.

Alizibadili shilingi kuwa zaire, fedha ya huko, akazigawa katika bahasha: mihogo, mafuta, makaa.

“Papa Abedi, hii makuta, pesa ya mu bahasha, inayeyuka sawa sabuni mu maji!” Georgette akamcheka. “Nunua chumvi leo, tutauza kidogo kidogo.”

“Mimi nilale na magunia kama mchuuzi?”

“Bon, lala na njaa.”

Asubuhi ukungu ulifunika mto. Mzee akasinzia barazani, akaziona bahasha zikielea juu ya maji, nyeupe, taratibu, hadi zikawa ukungu wenyewe. Alipozinduka, jirani alikuwa akilalamika kwamba mafuta yamepanda bei tena.

Alivaa koti, akatia bahasha mfukoni, akapanda mtumbwi, akavuka kwenda sokoni. Jioni magunia ya chumvi yalijaa chumbani, naye akalala katikati yake kwa utulivu.

Enyi wajukuu mnaoishi ugenini, sikieni: mwenyeji akiwafundisha kutumia fedha ya kwao, tiini!