Benchi la Kwenye Matangi ya Maji

Fundi bodi wa magari hakuanza kukimbia kwa ajili ya afya, wala medali. Alianza kwa sababu ya mke wake, na hilo hakumwambia mtu.

Mkewe, mshonaji, alikuwa amejiandikisha marathoni ya mji. Kila Jumapili alfajiri alifunga kamba za viatu, akaondoka, akarudi jua limeshakuwa kali. "Mazoezi ya masafa marefu," alisema. Fundi aliamini. Kisha Kocha, yule jamaa mwembamba anayefundisha wakimbiaji uwanjani, akaleta gari lake gereji, mlango umebonyea.

"Mama watoto anaendeleaje huko kwenu?" fundi alimuuliza huku akipapasa bati.

"Mkeo? Tangu mvua zianze hajatokea. Tulidhani ameacha."

Mlango ule aliugonga vibaya hadi ukaharibika zaidi, ikabidi auanze upya.

Hakumuuliza mkewe. Akiuliza atajibiwa, na jibu likishatoka halirudi. Alishaamini kuna mwanamume, akataka kuona kwa macho yake ni nani. Kumfuata kwa gari haikuwezekana, maana mkewe alishika njia ya kando ya reli, ambayo hata baiskeli ilipita kwa kubembelezwa. Alijaribu kwa miguu. Kwenye kona ya kwanza kichomi kilimkamata ubavuni, akakumbatia nguzo ya umeme huku mkewe akizidi kuwa mdogo mbele yake mpaka akapotea.

Basi akaenda kwa Kocha.

"Unataka kukimbia marathoni?"

"Ndiyo," akadanganya.

"Umewahi kukimbia?"

"Utotoni, nikifukuzwa."

Jioni, akishafunga gereji, alikwenda uwanjani. Mwanzoni alichomoka kama mwizi aliyeonekana, na kabla ya kumaliza mzunguko alikuwa anatembea, mikono kiunoni.

"Punguza, mzee," Kocha alimwambia. "Kimbia mwendo wa kuweza kupiga soga. Ukishindwa kuongea, umezidisha."

"Nipige soga na nani?"

"Na mimi."

Fundi hakuwa na soga na Kocha, lakini alipunguza. Hilo alilielewa. Bati nalo halinyooshwi kwa pigo moja kubwa. Unaligonga kidogo kidogo, kesho tena, mpaka linakubali.

Shemeji yake kinyozi, mdogo wa mkewe, alimwona akipita mbele ya kibanda chake.

"Shemeji! Unamkimbia nani?"

"Dada yako!"

"Basi kaza, yule namjua tangu utoto!"

Wateja wakavunjika mbavu. Fundi hakusimama. Mapaja yalichubuka, akajifunza kuyapaka mafuta ya mgando. Kucha za vidole gumba vya miguu zikawa nyeusi. Mkewe akaziona.

"Umepatwa na nini?"

"Nyundo imeniangukia."

"Miguu yote miwili?"

"Ni nyundo kubwa."

Hatimaye ikaja Jumapili ambayo aliweza. Alimwacha mkewe atangulie, akamfuata kando ya reli, nyuma ya kinu cha unga, akapanda kilima, na pumzi hazikumkata. Juu kabisa, penye matangi ya maji ya mji, mkewe akakata kona. Fundi akajibanza nyuma ya ukuta.

Maneno alikuwa nayo tayari, machache. Alikuwa ameshaamua mpaka nani atabaki na nyumba. Akachungulia.

Palikuwa na benchi la saruji. Mkewe alivua viatu, akanyoosha miguu, akafumba macho. Fundi alisubiri huyo mtu aje. Hakuja mtu. Mkewe alikaa tu. Jua likapanda, yeye amekaa.

Baada ya kusubiri sana ndipo fundi aligundua kwamba pale hapakuwa na cha kusikia. Hata ndege hakulia. Gereji yake na chumba cha cherehani vilitenganishwa na ukuta mmoja, na tangu waoane mkewe alishona huku nyundo ikimlia sikioni. Aliwahi kulalamika. Fundi alimjibu kwamba nyundo hiyo ndiyo inayowalisha.

Angeweza kurudi kimyakimya, ila kokoto zingemsema. Akatoka, akakimbia kupita mbele ya benchi.

"Baba watoto?"

"Pumzika tu. Napita."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Leo masafa marefu."

Njia ile ilizunguka kilima chote kabla ya kukutana na barabara. Alifika nyumbani akitembea kama anayekanyaga makaa. Mkewe alikuwa ameshafika, maji yako mezani.

"Marathoni siendi," mkewe alisema. "Nilijiandikisha nipate sababu ya kutoka."

"Kwani nani alikuzuia kutoka?"

"Ningekuambia nakwenda kukaa, ungesemaje?"

Fundi akafikiri. "Ningekuambia kaa hapahapa."

"Ehe."

Akanywa maji yote. "Kocha ameshaniandikisha na mimi."

"Basi utakimbia. Ila Jumapili njia ya matangi usipite."

"Nipite wapi?"

"Mji mkubwa huu."

Jumatatu alihamisha fuawe na nyundo mpaka mwisho wa ua wa gereji, kwenye uzio, ambako hakuna kivuli. Jumapili iliyofuata walitoka pamoja. Walipofika relini mkewe alikata kushoto, na yeye akanyoosha mbele, mwendo wa soga, bila wa kupiga naye.