Upepo Kwenye Simu

Simu ya motari, mwendesha pikipiki ya abiria wa mji wa Baraka, haikai mfukoni. Anaichomeka ndani ya kaske, ile kofia ngumu, kati ya sikio na sponji, mikono yote miwili inabaki kwenye usukani, na mdomo unaendelea na shughuli zake: mteja wa Mboko anaulizwa amesimama wapi, mke anaagizwa asiepue sufuria kwanza, rafiki anatukanwa kidogo kwa mapenzi. Ukimwona kijana anacheka peke yake juu ya pikipiki, usidhani ana wazimu. Yuko na mtu sikioni.

Chama chao kilikuwa kimegombana juu ya jambo hilo tangu mvua za mwaka jana. Norbert, prezida wao, mtu mzima mwenye goti lisilokunjika kwa sababu ya ajali ya zamani, alitaka sheria moja tu: ukiwa unaendesha, simu iwe mfukoni, ukikutwa nayo sikioni, pikipiki yako inalala wiki nzima. Vijana wakamjibu kwamba siku hizi mteja hapungi mkono barabarani, anapiga simu, na usipopokea hapo hapo anampigia mwingine. Tusidanganyane, nao walikuwa na neno. Basi kila mkutano ulianza kwa kelele na kuisha kwa kelele, kila mtu akapanda pikipiki yake akaenda zake, simu sikioni.

Kisha akafa Bienfait.

Alianguka karibu na Lweba, saa tisa ya mchana, jua linawaka, barabara kavu. Lori la mihogo lilikuwa limeharibika njiani, na dereva wake alikuwa ameweka matawi mabichi nyuma yake ili watu waone kwa mbali. Kila mtu aliyaona yale matawi siku ile isipokuwa Bienfait. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagala, wale samaki wadogo, kando ya barabara walisema walimwona anapita, anaongea na kucheka. Simu yake ilivunjika vipande vipande, na hakuna aliyejisumbua kuviokota.

Kwa hiyo watu hawakujua alikuwa anaongea na nani. Mama yake, Dorothée, alijua, kwa sababu alikuwa anaongea naye yeye.

Ili umwelewe Dorothée, lazima ujue jinsi watu wa Baraka wanavyoishi na barabara ile. Wanaishi kwa bipu. Mtu wako akienda Uvira au Mboko, anakupigia mara moja na kukata kabla hujapokea. Haigharimu kitu, na maana yake ni kwamba amepita salama. Bipu ya Lweba, bipu ya Mboko, na wewe nyumbani unaendelea kuosha vyombo na moyo wako umetulia. Bertin, mume wa Dorothée, hakuwa mtu wa bipu. Aliona ni mambo ya watoto. Miaka kumi na moja iliyopita alipanda gari kwenda Uvira, gari likasimamishwa na watu wenye bunduki, na Dorothée akapiga simu siku mbili mfululizo. Iliita, iliita, ikafika wakati ikaacha hata kuita. Mpaka leo hajui mume wake alizikwa wapi.

Ndiyo maana Bienfait alipoanza kuendesha pikipiki, mama yake alimsimamisha mbele ya picha ya baba yake akamwapisha. Bipu kila mahali. Na kingine: "Nikikuita, pokea. Popote uko, ata uko juu ya moto, ile pikipiki yako, pokea. Mi siwezi tena kusikia simu inalia bila muntu."

Bienfait akaapa. Alikuwa mtoto wa namna hiyo. Ukimpa neno analibeba.

Siku ile bipu ya Mboko ilifika vizuri. Ya Lweba ikachelewa. Dorothée alisubiri, akachambua maharage, akaangalia simu, akachambua tena. Mwisho akapiga.

"Mama, niko nakuja," Bienfait akasema. "Nimefika Lweba sasa hivi."

Dorothée angekata hapo. Alichokuwa anakitaka amekipata. Lakini ndani ya simu alisikia upepo, ule upepo unaovuma kwenye kaske pikipiki inapokimbia, na Dorothée aliupenda upepo ule kuliko wimbo wowote wa kanisani. Upepo ulimaanisha mwanawe yuko hai na anarudi nyumbani. Kwa hiyo akajikalisha vizuri juu ya kigoda, akaanza hadithi ya mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa Pulchérie, shangazi yake Bienfait, mwimbaji mkubwa wa kwaya. Asubuhi hiyo mbuzi alikuwa ameingia kanisani wakati wa mazoezi, akakamata kitabu cha nyimbo, akala ukurasa mzima mbele ya waimbaji, na Pulchérie akamkimbiza kati ya mabenchi huku bado anaimba. Bienfait alicheka mpaka akakohoa.

"Alikula wimbo ya ngapi?" akauliza.

Dorothée alifungua mdomo amtajie namba. Ndipo aliposikia mlio. Sitauelezea, yeye mwenyewe hajawahi kuueleza. Baada ya mlio upepo ukaisha. Alipiga tena mara saba na hakuna aliyepokea.

Nicolas, motari rafiki wa Bienfait, ndiye aliyekuja mbio kumchukua Divine, mke wa Bienfait, akampeleka kwenye kituo cha afya alikolazwa mume wake. Dorothée aliletwa na pikipiki ya pili, na ya pili ilichelewa. Alipofika, Divine alikuwa amekaa sakafuni, na Bienfait alikuwa ameshafunikwa.

Msiba una masikio na una mdomo, na mdomo wa msiba ule ulikuwa Pulchérie. Siku ya tatu tu akasema mbele ya wanawake wote: nani asiyejua jinsi vijana wa kike wa leo wanavyowasumbua waume zao kwa simu? Akamgeukia Divine. "Ni weye ulimuita? Sema."

Divine alikuwa Mrundi, binti wa mzee Habonimana, mkimbizi aliyelima kipande cha shamba kambini Lusenda. Pale msibani hakuwa na dada wala shangazi wa kumjibia. Alimtazama Dorothée, akamtazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa asiseme neno. Wanawake wakaguna. Kuanzia hapo ikawa ndiye yeye.

Na Dorothée je? Dorothée alinyamaza. Nataka kulisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe angetaka lisemwe: alinyamaza, na kimya cha binti yule kilimfaa. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake akajiambia asubiri matanga yaishe, baada ya matanga akajiambia asubiri siku arobaini. Usiku alikuwa anaapa, asubuhi anashindwa. Alimwona Divine anachota maji peke yake, anakula peke yake nyuma ya nyumba, na alichofanya ni kumwongezea samaki kwenye sahani.

Siku arobaini zilipotimia, familia ikakata shauri. Divine atarudi kwa baba yake Lusenda. Solange, mtoto wao wa miaka miwili, atabaki kwa bibi yake Baraka, maana ni damu ya Bienfait. Divine hakubisha. Alifunga nguo zake katika kitenge kimoja, na Nicolas akakubali kumpeleka, lakini baada ya mkutano wa chama, kwa sababu mchana ule wamotari walikuwa wameiita familia ya marehemu ije kusema neno kabla ya kupiga kura.

Walikutana kwenye hangari la mabati karibu na soko, pikipiki zimepangwa nje. Kitenge cha Divine kilikuwa tayari kimefungwa nyuma ya pikipiki ya Nicolas, na kila aliyeingia alikiona.

Nicolas alisimama wa kwanza. "Bienfait alikuwa ndugu yangu," akasema. "Lakini prezida, mukitunyima simu, tutakula nini? Kosa haiko ya simu. Kosa ni ya muntu mwenye anaita muda haufai."

"Na muntu mwenye anapokea?" Norbert akauliza.

"Usipopokea, wanafikiri umekufa!" kijana mmoja akapaza sauti nyuma, na wengi wakaitikia. Dorothée alilisikia neno hilo likimwingia mwilini.

Pulchérie akapewa nafasi. Aliongea vizuri, kama kawaida yake. Aliwasihi wanawake wa wamotari waache wivu, waache kuulizauliza, waangalie kilichotokea nyumbani kwao. Hakutaja jina. Hakuhitaji, vichwa viligeuka vyenyewe hadi kule mwisho wa hangari, ambako Divine alikuwa amesimama na Solange amekaa miguuni pake. Mtoto alikuwa amevua kandambili moja ameiweka sikioni.

"Alo," Solange alikuwa anaiambia kandambili. "Uko wapi? Uko wapi?"

Hakujifunza maneno yale kwa mama yake. Divine hakuwa mpigaji wa simu. Hata vocha alikuwa hanunui. Alijifunza kwa bibi yake, juu ya kigoda, kila siku ya Mungu.

"Mama Bienfait," Norbert akasema kwa upole, "kama uko na neno, tunakusikiliza. Kama hauna, tutaelewa."

Dorothée alisimama.

"Ni mie," akasema.

Hawakumsikia vizuri. Akarudia kwa sauti ambayo ilimshtua yeye mwenyewe.

"Ni mie nilimuita. Haiko Divine. Ile saa tisa alikuwa anasema na mie. Nilisikia moto yake iko natembea. Nilisikia upepo, bandugu, nilijua anaendesha, na niliendelea tu. Haikukuwa hata na maana. Nilikuwa namuambia juu ya mbuzi."

Kutoka nje zikasikika sauti za wauza unga wa mihogo wa sokoni.

"Mbuzi yangu?" Pulchérie akauliza, sauti ndogo sana.

"Mbuzi yako. Nilikuwa nataka acheke." Dorothée alishika benchi. "Nilimuapisha apokee. Mwanangu alitii, akanipokea, akakufa. Na siku makumi ine nimeacha huyu mutoto wa benyewe abebe kosa yangu. Mukitaka tena kumulaumu muntu, mulaumu mie."

Hakuna aliyepiga kelele siku ile. Norbert hakuomba hata mikono inyooshwe. Alisema tu, "Simu mfukoni," na vijana wakatoa simu zao ndani ya kaske moja moja. Sitakudanganya kwamba dunia ilibadilika. Baada ya wiki tatu nusu yao walikuwa wameshazirudisha sikioni. Lakini mpaka leo, kabla ya kupiga, wake na mama wengi wa Baraka husita kidogo, na wengine huiweka simu chini.

Watu walipoanza kutoka, Dorothée alitembea hadi mwisho wa hangari. Njia ilikuwa fupi na ilimchosha. Alitaka kupiga magoti, Divine akamzuia kwa mkono.

"Mama, nilijua," Divine akasema.

"Ulijua nini?"

"Bienfait aliniambia. Pale kituo, alikuwa bado anasema kidogo. Aliniambia, 'Ni mama alikuwa kwa simu. Asijue kama ni ile simu iliniua. Usimuambie muntu, atakufa na yeye.' Nikamuapia." Divine alimwinua Solange, akamfuta vumbi. "Ndiyo maana nilikuwa nanyamaza. Nilikuwa naogopa nikifungua mudomo tu, nitasema."

Dorothée alimtazama. Kumbe siku zile zote arobaini, wakati yeye anajificha nyuma ya binti huyu, binti alikuwa amesimama pale kwa hiari yake, kwa sababu ya neno la Bienfait. Naye angepanda pikipiki mchana ule, angemwacha hata mtoto wake, bila kulivunja.

"Alisema kingine?" aliuliza.

Divine akakubali kwa kichwa. "Aliuliza kintu sikuelewa. Aliuliza ile wimbo ni ya ngapi. Aliuliza mara mingi, alikuwa anasumbuka. Mi sikujua wimbo gani. Nikamuambia ni ya mia moja, juu tu atulie. Akatulia."

Nje, Nicolas alikuwa anafungua kamba, anakishusha kitenge cha nguo kutoka kwenye pikipiki, na hakuna aliyekuwa amemwagiza.

Dorothée alikaa kwenye vumbi pale pale aliposimama. Msibani hakulia, watu walimsifu kwa ujasiri wake, na kumbe ilikuwa hofu. Sasa kilio kilikuja chote, mbele ya wamotari, mbele ya Pulchérie, mbele ya wauza unga waliokuja kuchungulia. Divine alikaa karibu naye, mtoto katikati yao.

"Ilikuwa ya makumi ine na tatu," Dorothée alisema alipoweza kusema. "Nilikuwa nataka kumuambia. Makumi ine na tatu."